Boriti Hutengenezwa kwa Kufuata Mzigo

Miaka niliyoishi Kianda, upande wa magharibi wa Kibera, Nairobi, ilinipa mazoea ya kutazama juu kila ninapoingia katika chumba. Nayathamini mazoea hayo kuliko mengine yote niliyoyapata kule, kwa sababu yalinifunza jambo ambalo mafundi wengi, wenye ploti wengi na wapangaji wengi hawalipi uzito wake: mti wa nyumba ulioharibika hautengenezwi pale tu palipoharibika. Hutengenezwa katika njia nzima ambayo uzito wa nyumba hupitia, kuanzia kwenye bati hadi ardhini. Anayefuata uharibifu ataziba tundu. Anayefuata mzigo ataiokoa nyumba. Nalitetea wazo hili kwa moyo wote, kwa kuwa naamini maarifa ya uhandisi hayakutungwa kwa ajili ya majumba ya mawe peke yake, na anayelala chini ya mti wa bei rahisi ana haki ya kujua unavyofanya kazi sawasawa na anayelala chini ya zege.

Nyumba ya kawaida ya Kianda ni ploti, yaani safu ya vyumba vya futi 10 kwa 10 vinavyogawana kuta chini ya paa moja la mabati. Kiunzi chake ni miti iliyochimbiwa ardhini, mara nyingi mikaratusi, pamoja na fito zilizopigiliwa kuikingama, na udongo uliokandikwa katikati hadi ukuta ukasimama. Juu ya nguzo hulazwa boriti, na juu ya boriti hupita mbao za inchi 3 kwa 2 au 4 kwa 2 zinazopigiliwa mabati. Udongo haulibebi paa. Huzuia upepo na macho ya wapita njia. Kinachobeba ni mti. Tena boriti moja huweza kupita juu ya vyumba viwili au vitatu bila kukatwa, hivyo mpangaji wa chumba cha kwanza hutegemea mti ambao nusu yake iko kwa jirani. Atakayeukata upande wake amegusa usingizi wa watu ambao huenda hawajui hata kwamba msumeno umepita. Hapo ndipo ninapoanzia: katika ploti, boriti ni mali ya pamoja hata kama hakuna karatasi inayosema hivyo.

Maadui wa mti huo ni watatu. Mchwa hupanda kutoka ardhini kwa vijia vya tope, na ukuta wa udongo huwapa njia iliyokwisha kujengwa, basi nguzo huliwa ndani kwa ndani huku ikionekana nzima kwa nje. Maji nayo huingia kupitia tundu la msumari wa bati, hupanda kutoka mtaro unaopita kando ya ukuta, au huletwa na mvuke wa mapishi katika chumba kisicho na dirisha; unyevu wa mti ukizidi takriban asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu wa kuozesha hupata makao. Adui wa tatu ni mkono wa mtu. Fundi wa stima hukata njia ya waya, seremala hutoa pengo ili ubao ukae sawa, anayetaka kitanda cha juu hupunguza boriti apate nafasi ya kichwa, na anayeongeza mlango huichonga nguzo. Kwa niliyoyaona, huyu wa tatu ndiye anayepuuzwa zaidi. Mti uliooza hutisha kwa harufu na rangi, na mti ulioliwa hudondosha unga. Lakini mti uliokatwa pengo ni mkavu, ni msafi, na huonekana kama kazi iliyofanywa na fundi anayejua kazi yake.

Hesabu inaonyesha kwa nini pengo dogo si dogo. Nguvu ya mbao iliyolazwa kati ya mategemeo mawili haitegemei tu kiasi cha mti uliobaki. Hutegemea upana wake ukizidishwa kwa kimo chake, kisha kwa kimo hicho tena. Chukua mbao ya kimo cha inchi 4. Ukikata inchi 1, jicho litakuambia umeondoa robo na kubakiza robo tatu. Ukweli ni kwamba katika sehemu ile imebaki kama asilimia 56 ya uwezo wa kuhimili kupindwa. Ukikata inchi 2, jicho litasema imebaki nusu, kumbe imebaki robo. Zaidi ya hayo, pembe kali ya msumeno hukusanya nguvu mahali pamoja, na ufa huanzia hapo na kukimbia kufuata nyuzi za mti. Ndiyo maana kanuni ya ujenzi wa nyumba inayotumiwa sana Marekani hukataza pengo katika theluthi ya kati ya mbao ya sakafu au dari, ambako mpindo ni mkubwa, na kwingineko huruhusu kina kisichozidi sehemu moja ya sita ya kimo, au robo kwenye ncha inapoegemea. Kwa mbao yetu ya inchi 4, sehemu moja ya sita haifiki hata sentimita 2. Mapengo mengi niliyoyaona juu ya vyumba vya Kianda yalikuwa na kina cha kutosha kulaza waya tatu na kidole juu yake.

Pingamizi la kwanza husikika hapa, nalo lina uzito: paa la mabati ni jepesi, kwa hiyo haya ni mahesabu ya nyumba za matajiri. Ni kweli kwamba bati la geji 30 lina uzito wa kama kilo 2.5 tu kwa mita ya mraba, na paa la chumba kimoja halifikii uzito wa mtu mzima. Lakini wepesi huo ndio unaoleta hatari. Upepo wa kilomita 72 kwa saa huleta shinikizo la karibu kilo 24 kwa mita ya mraba, mara kumi ya uzito wa bati, na unapopita juu ya paa hulinyonya kwenda juu. Katika siku ya kawaida upande wa juu wa boriti hubanwa na upande wa chini huvutwa. Upepo ukilinyanyua paa, mambo hupinduka, na upande wa juu ndio huvutwa. Basi lile pengo lililokatwa juu ya boriti ili mbao za paa zikae vizuri, ambalo kila siku halikuwa na madhara makubwa, huwa ghafla ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Ongeza mawe yanayowekwa kushikilia mabati, fundi anayepanda kuziba tundu, au pipa la maji la lita 200 ambalo peke yake ni kilo 200, na utaona kwamba paa jepesi hukutana na mizigo mizito, ila tu halikutani nayo kila siku.

Matengenezo yanayofanywa mara nyingi ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kufunika: udongo mpya hukandikwa juu ya nguzo iliyoliwa, au karatasi ya dari hupigiliwa chini ya boriti iliyopasuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hekima ya kuwahi haina mshindani. Lakini katika nyumba ya miti na udongo, kuziba ufa bila kuuliza umetoka wapi ni kumfichia mchwa mlango. Mara nyingi ufa wa ukuta ni taarifa kwamba nguzo imeshuka, na mwenye kuuziba ameifuta taarifa. Aina ya pili ni kupigilia kipande kifupi cha mbao juu ya sehemu iliyovunjika kwa misumari ya inchi 4. Hii ni afadhali, lakini bado inafuata uharibifu. Kipande kifupi hukusanya mzigo wote katika misumari michache iliyo karibu na ufa, yaani ndani ya mti ambao tayari umeanza kupasuka, na kila msumari unaopigwa pale hufanya kazi ya kabari. Baada ya misimu michache ya mvua na jua, mti hujaa na kusinyaa, misumari hulegea, na kipande hubaki kama pambo.

Anayefuata mzigo huanza kwa kuuondoa. Huweka nguzo za muda pande zote mbili za sehemu mbovu, kila moja juu ya ubao mpana ili isizame katika sakafu ya udongo, kisha huinua polepole kwa jeki au kwa kabari mpaka boriti irudi karibu na mahali pake. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu huchukua muda na haionekani kazi ikiisha, lakini bila yake ubao mpya huungwa kwenye boriti iliyokwisha kubonyea, na mzigo hubaki pale pale kwa mti dhaifu. Kisha hupima kwa bisibisi au msumari: palipo pazima chuma hugoma, palipooza huzama. Ndipo huweka mbao pacha ubavuni, yenye kimo sawa na ya zamani, ikianzia tegemeo hadi tegemeo kila inapowezekana, ili mzigo upate njia mpya nzima badala ya kiraka. Huunganishwa kwa bolti zenye washa kubwa, katika matundu yaliyotobolewa kwanza, karibu na mstari wa katikati wa kimo ambako mti haubanwi wala hauvutwi sana. Mwisho hufunga boriti kwenye nguzo kwa mkanda wa chuma, kwa sababu njia ya mzigo lazima ifanye kazi kushuka na kupanda pia, siku ya upepo. Pengo la waya halirudiwi. Waya hupitishwa ubavuni ndani ya bomba lake.

Nguzo ina mantiki hiyo hiyo. Sehemu inayokufa kwanza ni mguu wake, pale udongo, maji na hewa vinapokutana, na juu ya hapo mti huweza kuwa mzima kwa miaka. Maseremala wa mahekalu ya Japani wamelijua hilo kwa karne nyingi: hukata mguu uliooza na kuunga mti mpya kwa kiungo kilichochongwa kwa ustadi, na hekalu la Horyu-ji huko Nara, lenye majengo ya mbao ya tangu karne ya 7, bado limesimama kwa matengenezo ya subira kama hayo. Kianda haihitaji ustadi wa mahekalu. Inahitaji paa litegemezwe, mguu mbovu ukatwe hadi kwenye mti mzima, na chini yake limwagwe zege lililoinuka juu ya sakafu, likiwa na vyuma viwili vya kuishika nguzo kwa bolti. Hapo mti hautagusa tena udongo, na mchwa akitaka kupanda atalazimika kujenga kijia chake nje, mahali tutakapokiona. Oili chafu ya magari ambayo watu hupaka nguzo haiingii ndani ya mti kiasi cha kuulinda kwa muda mrefu, na ina metali nzito zisizofaa kuwa ukutani pa chumba wanamolala watoto. Kazi hii nayo haijaisha kabla chanzo cha maji hakijaondolewa: tundu la bati lizibwe, mtaro usogezwe, mvuke upate pa kutokea. Mti mpya ukiwekwa katika unyevu wa zamani utaoza kama mwenzake.

Pingamizi la pili ndilo nililolisikia zaidi, na silipuuzi: kwa nini kutia bolti katika nyumba iliyo juu ya ardhi ambayo wakazi wake hawana hati, na ambayo inaweza kubomolewa wakati wowote? Julai 2018 matingatinga yaliangusha makazi ya maelfu ya watu Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na aliyeona hayo ana haki ya kuogopa kuwekeza. Lakini historia inasema kitu kingine pia. Askari Wanubi walianza kuishi Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni ikaitenga rasmi kuwa ardhi ya jeshi mwaka 1918, na tangu hapo makazi hayo yamehesabiwa kuwa ya muda. Muda huo umepita miaka 100. Huko Soweto Mashariki, ndani ya Kibera hiyo hiyo, mradi wa kuboresha makazi uliwahamisha watu Septemba 2009, na nyumba mpya zikakabidhiwa mwaka 2016. Nguzo iliyoliwa haiwezi kungoja miaka saba. Nyumba inayoitwa ya muda imezaa vizazi, na kila kizazi kimelala chini ya mti. Tena matengenezo ya bolti yanamfaa hasa mtu anayeogopa kubomolewa: msumari hung'oka na ubao wake, lakini bolti hufunguliwa kwa spana, na mbao nzima pamoja na vyuma vyake huondoka na mwenyewe.

Wengine husema ni rahisi zaidi kubadilisha mti wote, na wengine kwamba nyumba imesimama miaka 20 hivyo haina shida. Kwa wa kwanza nakubali nusu. Mti mwembamba wa paa ulioliwa ubadilishwe tu, maana bei ya bolti itazidi bei yake. Lakini nguzo iliyomo ndani ya ukuta, au boriti inayopita juu ya vyumba vitatu, haitoki bila kubomoa ukuta, kufumua mabati na kuwahamisha majirani. Hapo mbao pacha huokoa gharama na heshima ya watu. Kwa wa pili najibu kwamba miaka 20 inathibitisha tu kuwa nyumba imehimili mizigo iliyokwisha kuja, ikiwa na mti iliokuwa nao wakati huo. Nguzo ya leo si ile ya miaka 20 iliyopita, kwa sababu mchwa hawakupumzika, na upepo mkali kuliko yote huenda bado haujavuma. Jicho la fundi mzoefu nalithamini sana, lakini ukubwa wa mzigo hauonekani kwa jicho. Ukitaka kuujua, panda juu, shika mti, uliza unabeba nini na unakipeleka wapi.

Lipo pia jibu la wanaotaka haya yote yaishe: tujenge kwa mawe na zege, na tuache kuzungumzia mbao. Natamani nyumba bora kwa kila mtu wa Kianda, lakini sikubali kwamba zege linatuondolea wajibu wa kufuata mzigo. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita huko Huruma, Nairobi hii hii, liliporomoka usiku wa mvua na kuua zaidi ya watu 50. Unguja, nyumba ya Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883, katika Mji Mkongwe ulioingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafariki. Katika nyumba za kawaida za Mji Mkongwe, boriti za mikoko huzikwa ncha zake ndani ya kuta nene za mawe na chokaa, na ncha hizo ndizo huoza kwanza paa linapovuja, kama miguu ya nguzo zetu. Heshima ya jengo haiupunguzi mzigo wake.

Linabaki swali la nani alipe, na hapa pia mzigo unatuongoza. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, inamtaka anayekodisha sehemu ya jengo alitunze paa, kuta kuu na mitaro mikuu, na nyumba ya kuishi ifae kukaliwa na binadamu. Wapo watakaosema kifungu hicho hakimfikii mwenye ploti asiye na hati. Mimi nasema anayepokea kodi kila mwezi kwa sababu ya paa hawezi kulikana paa hilo linapolegea. Kwa miaka mingi ukarabati Kibera ulihitaji ruhusa ya chifu, na watu wakazoea kutengeneza kwa kujificha, haraka, kutokea ndani. Mazoea hayo hayajaisha, na ndiyo yanayozaa viraka. Kinachofaa ni kazi ya wazi: wapangaji wa ploti moja wakague miti yao pamoja kila Februari kabla ya mvua za masika, wampelekee mwenye ploti orodha ya nguzo na boriti badala ya malalamiko ya chumba kimoja kimoja, na pale atakapokubali watengeneze wenyewe kwa kukata gharama katika kodi, kwa maandishi. Vyuo vya ufundi vinavyowafundisha vijana useremala vifundishe pia kutegemeza na kuunga mti wa zamani, kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyo tele mitaani. Fundi wa stima naye aulize kabla ya kukata, na mwenye chumba awe na ujasiri wa kumkatalia. Haya yote yanaweza kuanza Februari ijayo bila kungoja mradi wa serikali wala hati ya ardhi, na kila boriti itakayopata mbao pacha kutoka tegemeo hadi tegemeo itawalinda watu wa pande zote mbili za ukuta.